Mkeka Usio na Rangi

Siku tuliyomzika Kibwana, mtoto wa Mjomba Salehe, nilimpoteza mjukuu wangu aliyekuwa amesimama mbele ya macho yangu. Rehema alikuwa ng'ambo ya uwanja pale Bigwa, kando ya wanawake waliokuwa wakisonga ugali wa msiba, amejifunga kanga ya kijani niliyompa mwenyewe, akinipungia mkono nimfuate twende nyumbani. Niliziona kanga. Niliyaona masufuria, moshi, watoto wakikimbizana, mikono mingi ikipanda na kushuka. Niliupitisha uso wangu uwanja mzima, nikarudia, na kila nilipofika aliposimama nilipita, kama mtu anayeipita nyumba anayoitafuta kwa sababu mlangoni pake pamejaa watu. Mwishowe alikuja mwenyewe akanishika kiwiko. Akaniuliza kwa upole, lakini niliisikia hofu ndani ya upole wake: "Bibi, hukuniona kabisa?"

Kesho yake alinipeleka kwa daktari wa macho mjini. Daktari, kijana mwenye adabu, alinionyesha herufi moja moja ukutani, nikazisoma zote. Kisha akanionyesha herufi ileile ikiwa imezungukwa na nyingine upande huu na upande huu, na hapo nikaanza kubabaika. Aliniambia nisiogope. Macho yangu, kwa umri huu, bado ni mazuri. Kinachochoka ni kazi nyingine iliyo nyuma ya macho. Alinieleza kwamba kuona si kupokea tu, kuona ni kutupa pia. Kijana akitafuta sura moja katika umati, kichwa chake hutupa sura nyingine zote bila yeye kujua, haraka, kama mwanamke hodari anayepeta mchele. Mzee hupokea vyote, na makapi yanakaa pamoja na mchele. Nilimshukuru sana, kwa sababu alinipa sababu ya jambo ambalo nilikuwa nalijua maisha yangu yote bila kujua sababu yake. Nililijua nikiwa mwali, katika chumba kisicho na dirisha, zamani za Mdachi, na aliyenifundisha hakujua kuwa ananifundisha.

Wasichana wa leo wakisikia habari ya kuwekwa ndani hudhani tulifungwa kama wezi. Haikuwa hivyo, ingawa siwezi kusema kwamba haikuwa na upweke. Msichana akivunja ungo alikabidhiwa kwa mwanamke mzima wa ukoo, akaketishwa chumbani, na hakuonwa tena na jua wala na mwanamume mpaka siku ya kutolewa. Mimi nilikabidhiwa kwa Bibi Chausiku, mama yake mama, aliyekuwa akiishi peke yake katika nyumba ya udongo chini ya mlima, hapo hapo Bigwa. Nilikaa ndani karibu mwaka mzima. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, mtungi wa maji, na mlango ulioingia ukumbini. Mwanga ulikuja kwa mlango huo tu, na kwa ufa mmoja ukutani ambao Bibi alikuwa ameahidi kuukandika na, kwa huruma yake, hakuukandika kamwe. Kupitia ufa ule niliona kipande cha mgomba na kipande cha njia. Hiyo ndiyo iliyokuwa dunia yangu. Filimbi ya gari moshi ilikuja kutoka stesheni, tarumbeta ya askari ilikuja kutoka boma, na maji ya mto yalisikika muda wote, hata nikawa siyasikii tena.

Usiseme na wanaume, usiseme kwa sauti, usitazame mtu usoni: hizo zilikuwa sheria zangu. Nikitaka kitu niligonga kibuyu. Jioni Bibi aliingia na ugali wa mtama na mlenda, au magimbi yaliyochemshwa na chumvi, akakaa nami mkekani, na tulikula bila haraka kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kufanya. Alipenda kunitania kwamba mimi ni mke mwenzake, nimekuja kumwibia mume aliyekufa zamani. "Kula, mke mwenzangu," alikuwa akisema, "unenepe, marehemu aone wivu huko aliko." Kisha alirudisha mkono kwenye ugali, na nilijua kwamba katika ile nyumba walikuwemo wapweke wawili, ila mmoja alikuwa ameandikiwa mwisho wa upweke wake na mwingine hakuandikiwa.

Mtu akikaa gizani muda mrefu masikio yake hukua. Nilijifunza kushika sauti moja kati ya nyingi zilizopita barazani na kuifuata kama uzi mpaka mwisho. Ndivyo nilivyosikia habari za Mdachi kutaka watu wa barabara, habari za vijana waliokimbilia mashamba ya mpira Kingolwira, na ndivyo nilivyosikia habari za Bibi. Wanawake walisema amekuwa na majivuno, amekutana na fulani sokoni uso kwa uso akampita bila salamu. Mwingine akasema si majivuno, ni upofu. Wa tatu akapunguza sauti akasema si upofu wala nini, ni akili, maana watu wakiongea wengi kwa pamoja hajibu, anakodoa macho tu. Nilishangaa. Bibi wanayemsema si yule niliyekuwa nakaa naye. Bibi wangu alikuwa amenitoa mwiba unyayoni, katika chumba ambacho wewe usingeuona mkono wako, mwiba mwembamba kuliko unywele. Bibi wangu nilikuwa nikimsimulia ndoto, na siku ya pili akiniuliza mwisho wake.

Sasa nieleze jambo la mbegu, maana ndilo lililokuwa likimkosesha Bibi usingizi. Ardhi na nyumba kwetu hufuata upande wa mama. Kila mwaka, kabla mvua za masika hazijaanza, mbegu za maharage za ukoo zilimwagwa hadharani mbele ya mwanamke mkubwa wa nyumba ya ukoo, naye alizichambua: nzima huku, zilizotobolewa na wadudu kule. Yeye ndiye aliyezigawa kwa wanawe na wajukuu wake, na kwa kuzigawa ndipo alipohesabiwa kuwa mwenye nyumba. Kwa heshima yake mbegu zilimwagwa juu ya mkeka mzuri kuliko yote uliopatikana, wenye mapambo mekundu na meusi na zambarau, na kama nyumbani kuna mwali anayetolewa, zilimwagwa juu ya mkeka aliousuka huyo mwali akiwa ndani. Mwaka uliotangulia Bibi alichambua vibaya. Mbovu nyingi zilipita, mashamba ya watu yakaota mapengo, na Mjomba Salehe, mwanawe, mtu wa haki lakini mwenye haraka, alisikia aibu kwa niaba yake.

Nilimsikia akisema barazani, siku moja ya kiangazi, sauti yake ikigonga ukuta wangu. Alisema mama amechoka. Alisema mwaka huu atachambua tena siku ya kumtoa mwali, na ikiwa ni kama mwaka jana, basi atampandisha mlimani akakae nyuma ya nyumba yake Mjomba mwenyewe, ale apumzike, na nyumba ya Bigwa ipewe mama mkubwa. Sikumsikia Bibi akibisha. Nilimsikia akisema tu, "Huko juu sijui hata mlango unatazama wapi, mwanangu." Mjomba alimjibu kwamba atauzoea. Usiku ule hakunitania. Alikaa mlangoni mpaka moto ukazimika, na nilipogonga kibuyu kidogo kumwuliza kama mzima, alisema huenda wanasema kweli, huenda kichwa chake kinamtoka. Sokoni, alisema, nyuso zinamjia zote kwa pamoja kama nyuki, na anapoichagua moja, nyingine tayari imesimama juu yake.

Kwa mwali siku hazina umbo. Nilikuwa na muda wa kufikiri jambo moja kwa mwezi mzima, na jambo langu likawa hilo: kwa nini Bibi anaona humu na haoni nje? Kwanza nilidhani ni jua, kwamba linamuumiza macho. Lakini siku za mawingu pia walimsema. Jibu lilinijia nikiwa na miyaa ya kusukia mkeka mikononi. Binti Shomari, jirani yetu, ambaye ndiye aliyekuwa kungwi wangu, mwanamke mpana wa mabega na wa kinywa, alikuwa ameniletea ukindu uliokwisha kutiwa rangi ili nianze mkeka wangu. Vipande vyekundu na vyeusi vilikuwa vimetapakaa sakafuni. Bibi aliingia na ungo wa maharage ya mboga, akajikwaa kwenye mtungi, na mengine yakamwagika juu ya vile vipande. Alipiga magoti kuyaokota. Mkono wake ulitangatanga. Aliokota kipande cha ukindu akidhani ni haragwe, akaliacha haragwe pembeni yake. Kisha alirudi kwenye ungo, ambao ulikuwa wa rangi moja tu, ya majani makavu, na bila kuinamisha kichwa akatoa moja lenye tundu dogo kama ncha ya sindano akalitupa.

Jaribu mwenyewe, msomaji wangu, kama una mzazi aliyezeeka. Usimcheke, jaribu kwa mapenzi. Mwekee vitu vichache juu ya kitambaa cha rangi moja umwombe akuchagulie, kisha umwekee vilevile juu ya kitambaa cha maua. Utaona kwamba macho ni yaleyale na mikono ni ileile, ila maua yamekuwa sauti nyingi zinazoongea kwa pamoja, naye hawezi kuziambia zinyamaze. Mimi na wewe tulipokuwa vijana tuliziambia zinyamaze bila hata kujua kwamba tumesema.

Nilirudia kwa makusudi siku zilizofuata. Nilimwomba anichambulie kunde juu ya ukindu wenye rangi, akashindwa. Nikamwomba tena juu ya kaniki nyeusi tupu, akafaulu. Nilipokuwa na hakika nilikaa na habari yangu kama mtu aliyeshika kaa la moto. Ningemwambia nani? Mjomba Salehe alikuwa hatua chache nje ya ukuta kila alipokuja, na mimi nilikuwa mwali. Sauti yangu kwake ilikuwa mwiko. Binti Shomari nilimgusia, akacheka akasema, "Wewe umekaa gizani mno, sasa unaota mchana." Kwa hiyo nilichukua ukindu wote wa rangi nikausukuma chini ya kitanda, na nikaanza kusuka ule mweupe, usiotiwa kitu. Nilisuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, mwembamba, wa kubana, ulio sawa kama maji yaliyotulia.

Lazima ueleweke uzito wa jambo hili. Mkeka wa mwali ulikuwa ndio mdomo wake. Watu wasiokuona mwaka mzima waliukunjua, wakatazama mapambo yako, na kutoka hapo wakasema huyu ana akili, huyu ana subira, huyu aposwe. Mkeka usio na rangi ulisema kwamba msichana ni mvivu na aliyemlea hakujua kazi. Binti Shomari alipougusa na kuona kwamba hauna hata mstari mmoja mwekundu, hakucheka tena. Alimwita Bibi, na wote wawili walisimama juu yangu.

"Wataniuliza mimi," alisema Bibi taratibu. "Watasema Chausiku alikaa na mtoto mwaka mzima, hakumfundisha hata kutia rangi."

Nilikuwa nimezoea kunong'ona, nikanong'ona. Nilimwambia, "Bibi, huna upofu. Na kichwa chako hakijakutoka. Kinachokupoteza ni vitu vingi kukaa pamoja. Humu ndani hakuna vitu, ndiyo maana unaniona."

Aliketi, akachukua konzi ya maharage kutoka ungoni, akayamwaga juu ya kile kipande nilichokuwa nimesuka. Mwanga ulikuwa wa mlangoni tu. Vidole vyake vilianza kwenda, huku na kule, bila kusita, na kadiri vilivyokwenda ndivyo pumzi yake ilivyozidi kuwa nzito, mpaka nikaona kwamba analia. Binti Shomari alitazama lile fungu la mbovu, akalitazama la nzima, akajifuta mdomo. "Basi mjukuu wako asuke," alisema. "Mimi mabega yangu ni mapana, nitayabeba maneno."

Siku ya kutolewa nilisikia ngoma kabla sijaona kitu. Walinipaka mafuta, wakanivika kaniki mpya na shanga, wakanifunika kichwa, na Binti Shomari akanipandisha mabegani mwake kama gunia la mtama. Nje palinipiga kama kofi. Jua, vumbi, kanga, vigelegele, uso juu ya uso. Kwa muda mfupi nami nilikuwa mzee: vyote vilinijia kwa pamoja na sikuweza kushika kimoja. Kisha macho yangu ya ujana yalifanya kazi yake, dunia ikajipanga, na nilimwona Mjomba Salehe amesimama na kapu la mbegu, na Bibi ameketi chini, mdogo kuliko nilivyomjua ndani.

Mkeka ulikunjuliwa. Nilisikia vigelegele vikipungua, kisha maneno. Mwanamke mmoja akauliza kama mwali alikufa kabla hajatia rangi, watu wakacheka. Mwingine akasema labda ni sanda. Mama mkubwa alitazama pembeni kwa aibu. Mwali hatakiwi kulia wala kucheka siku hiyo, nami nilishukuru sheria hiyo kwa mara ya kwanza. Mjomba alimwaga mbegu. Wanawake walisogea kutazama, pindo za kanga zao zikaning'inia juu ya mkeka, na niliona mkono wa Bibi ukisita hewani, kama siku ile ya ukindu. Lakini Bibi alikuwa ameelewa somo kuliko mimi niliyelitoa. Aliinua uso, akasema kwa sauti ya mwenye nyumba, "Rudini nyuma, mnanipigia kelele na nguo zenu." Walicheka, wakarudi. Mkeka ukabaki mtupu na mweupe, na mbegu juu yake, na mkono wake ukaanza kwenda.

Alipomaliza, Mjomba alichuchumaa. Alichota fungu la nzima, akaligeuza kiganjani akitafuta tundu. Akachota tena. Aliyarudisha maharage taratibu, akapangusa viganja, na kwa sauti ya mtoto aliyekosea nyumba alisema, "Tugawie basi, mama." Hayo tu. Hakuna aliyetaja tena habari za mlimani, siku ile wala baadaye. Bibi aliishi katika nyumba yake mpaka vita ya Wadachi na Waingereza ilipokuja na kupita, akafia kitandani pake, mlango ukitazama palepale alipopajua.

Lakini siku ile haikuishia hapo, na sehemu hii ndiyo niliyoibeba kuliko ile ya ushindi. Akiisha kugawa, Bibi aliinua kichwa kunitafuta. Nilikuwa juu ya watu wote, mabegani mwa Binti Shomari, nikimtazama. Macho yake yalikuja upande wangu, yakanipita. Yakaenda kwa wapiga ngoma, yakarudi, yakanipita tena. Mwaka mzima nilikuwa nimelala karibu naye, nikala sahani moja naye, na sasa kati ya nguo na mikono sikuwa mtu, nilikuwa sehemu ya zogo. Sijawahi kujisikia peke yangu kama pale, si gizani, bali katikati ya watu waliokuja kwa ajili yangu. Mguu wa mwali haukanyagi ardhi mpaka arudishwe ndani; nilijua hivyo. Nilimgonga Binti Shomari kichwani kama nilivyokuwa nikigonga kibuyu, nikateleza kutoka mabegani, nikapita kati ya watu waliokuwa wakiguna, nikasimama juu ya mkeka. Hapakuwa na kitu kingine pale. Bibi alinitazama kuanzia miguuni mpaka usoni.

"Kumbe uko hapa, mke mwenzangu," alisema.

Nililipia mambo yote mawili, mkeka na mguu. Wenzangu waliolewa, mimi nikakaa, na kwa muda mrefu mtu wa Bigwa akitaka kumtania msichana mvivu alimwambia atasuka kama Tatu, ndilo jina langu. Aliyenioa baadaye alitoka mbali na hakuwa na habari za mikeka. Sijutii. Ila sikuwahi kumsimulia mtu kwa nini niliusuka mweupe, kwa sababu ningelazimika kueleza udhaifu wa Bibi kwa watu waliokwisha kuusahau. Sasa wote waliokuwepo wamekufa, Kibwana akiwa wa mwisho, na udhaifu ule umekuwa wangu. Ndiyo maana nilimketisha Rehema tulipotoka kwa daktari nikamsimulia kama nilivyokusimulia wewe.

Juzi ilikuwa arobaini ya Kibwana. Uwanja ulijaa kuliko siku ya mazishi. Sahani, mabusati, watoto, kanga za kila rangi. Ilipofika saa ya kuondoka niliinua macho kumtafuta Rehema, na vitu vyote vikanijia kwa pamoja kama nyuki, nikahisi tena ule upweke wa zamani ukipanda kifuani. Kisha kitu kilijitenga na zogo. Mtu mmoja alitoka taratibu kati ya wanawake, akavuka uwanja, akaenda kusimama mbele ya ukuta wa nyumba uliopakwa chokaa, peke yake, mikono imetulia pembeni. Hakupunga. Alisimama tu, akanisubiri nimwone.